Balbu ya vifaranga kwa kobe wangu, baridi ya Mbeya imenishinda

Wenye kobe huku Uyole mnajua Julai ilivyo, asubuhi unamkuta kajikunja ndani ya gamba kama jiwe, mchicha hata haunusi. Nikaenda duka moja mjini nikauziwa balbu elfu 18, muuzaji anaapa kabisa ni ya UVB, ile mionzi ya jua anayohitaji kobe, kuifungua kumbe LED ya kawaida, joto haina UVB haina, nimepigwa mchana kweupe. Basi nikapita duka la pembejeo nikachukua ile nyekundu ya kupashia vifaranga joto, elfu 8 tu, nikaining'iniza juu ya jiwe bapa, kipimajoto kikasoma nyuzi 34, siku ya pili jamaa kanyoosha shingo anatafuna. Naipa nyota nne kati ya tano, moja nimekata sababu holda ya plastiki iliyeyuka ikabidi niweke ya kauri, halafu chumba usiku kama baa.

Ila UVB haitoi, na bila hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, gamba linalegea. Kwa hiyo jua likitoka namtoa nje kabisa na kivuli kiwepo, sio dirishani maana kioo kinazuia UVB. Tyubu yenyewe ya UVB nimeagiza Dar, hiyo nayo inachoka ndani ya mwaka hivi hata kama bado inawaka.