Daphnis et Chloé ya Monteux: diski inayoiumbua sabufa

Kama unatafuta muziki wa kumwonyesha jirani kwamba sabufa yako inatikisa vioo, hii siyo. Diski inaanza kimya kiasi kwamba mteja aliyesimama mlangoni pa kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza kama mashine imewaka kweli. Mwanzo wote ni mnong'ono: ala za nyuzi za sauti nzito zinashika sauti moja, nyingine zinapanda juu yake polepole, kisha kwaya inaingia kwa mbali ikiimba bila neno hata moja. Ukiongeza sauti ili usikie vizuri, umejitega. Zamu ya matarumbeta ikifika utaruka kutafuta kitufe.

Mimi ni fundi wa redio na ampli, kwa hiyo naizungumzia kifundi. Diski hii ilikuja tumboni mwa deki ya mtumba iliyoletwa niifufue, na mwenye deki akasema hizo kelele nibaki nazo mwenyewe. Ni muziki wa bale, yaani dansi ya jukwaani inayosimulia kisa, wa Maurice Ravel, umepigwa na London Symphony Orchestra pamoja na kwaya ya jumba la opera la Covent Garden, na aliyeongoza ni Pierre Monteux. Kampuni ya Decca waliurekodi mwaka 1959. Monteux huyu ndiye aliyesimama mbele ya okestra siku bale yenyewe ilipochezwa kwa mara ya kwanza, Paris, tarehe 8 Juni 1912, kundi la dansi la Ballets Russes la Sergei Diaghilev likiwa na wachezaji Nijinsky na Karsavina jukwaani. Kwenye diski hii ana miaka 84 na anaurudia muziki uleule mbele ya maikrofoni. Wazee wengi wakirudia kazi ya ujanani huivuta kwa madaha. Yeye haivuti. Anauacha mwendo utembee, kama mtu aliyewahi kuwaona wachezaji wakihitaji pa kukanyaga.

Kisa chenyewe ni cha wachungaji wa Kigiriki. Daphnis na Dorcon wanashindana kucheza, zawadi ni busu la Chloé. Dorcon ni mzito, anakanyaga ovyo, na Ravel amemwandikia muziki wa vishindo vya kuchechemea. Akimaliza, okestra nzima inamcheka. Msikilize hapo Monteux: kicheko hakichelewi hata chembe, kinatoka palepale kama cha watu waliokibana muda mrefu. Halafu anaingia Daphnis, laini, na unajua nani kashinda kabla hajafika katikati. Baadaye maharamia wanamteka Chloé, mungu Pan anamwokoa, kunapambazuka, watu wanacheza. Inatosha, hadithi si ndefu.

Kupambazuka ndiko kunakoonyesha spika yako ina thamani gani. Filimbi na klarineti zinachuruzika haraka haraka bila kupumzika, na chini yake nyuzi nzito zinaanza kuinuka na wimbo mmoja mrefu. Kwenye spika nzuri unausikia mchuruziko na wimbo kila mmoja mahali pake. Kwenye sabufa nyingi tunazouziwa, zile za boksi moja kubwa na vispika viwili vya ukubwa wa kiganja, filimbi zinageuka mchele unaomwagwa na nyuzi zinageuka mvumo. Dawa ipo kidogo: punguza besi hadi robo, tenganisha vile vispika viwili kwa hatua tatu au nne, usivipange juu ya boksi kama vikombe kabatini, na ukae katikati yake. Decca walirekodi kwa maikrofoni tatu kuu zilizotundikwa juu ya mwongozaji kwa umbo la T, na nyingine pembeni, kwa hiyo kushoto na kulia vina maana. Ukivibananisha unatupa nusu ya kazi yao.

Jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia. Muziki huu ni wa dakika hamsini na ushee, na hausimami. Wamekata namba kwenye diski ili uweze kuruka, lakini sauti inapita moja kwa moja kutoka namba hadi namba. Ukiunakili kwenye flashi au memori kadi na kuchomeka kwenye sabufa, mashine inanyamaza kidogo kila ikibadilisha faili, na inanyamaza katikati ya sentensi. Kuna mahali kwaya inabaki peke yake bila ala, sehemu ya kwanza inapoelekea ya pili. Pale pengo la nusu sekunde ni kama kofi. Nakili yote iwe faili moja, au tumia deki ya diski. Ukisikiliza kwa intaneti bila kulipia, shauri yako: tangazo la sabuni litakuja jua likichomoza.

Kwaya hiyo isidharauliwe. Diaghilev alipoipeleka bale London mwaka 1914 aliiacha kando, na Ravel akaandika magazetini kulalamika. Kwenye diski hii imewekwa nyuma ya okestra, kwangu mimi nyuma kupita kiasi, hasa maharamia wanapocheza, ambapo ningependa inipigie usoni. Hilo ni dosari. Dosari nyingine ni umri: utepe wa 1959 una mvumo wake mwembamba unaousikia mwanzoni, na kwenye kishindo cha mwisho ala za shaba zinakwaruza kidogo ukizidisha sauti. Usikimbilie kwa fundi, spika haijapasuka. Na ukisikia mngurumo wa chini sana mahali pa kimya, vilevile tulia. Ukumbi waliorekodia, Kingsway Hall wa London, ulipitiwa chini na treni za ardhini, na diski nyingi zilizotoka humo zimebeba mtetemo wake.

Dansi ya mwisho ina mapigo matano matano. Jirani yangu, mzee aliyekulia Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na bado anajua besi ikikosewa, alikaa kwenye benchi langu akaijaribu kwa kidole gotini.

"Fundi, hawa wanahesabuje?"

"Mzee wangu, hata wachezaji wenyewe iliwashinda. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakitaja jina la bosi wao: Ser-gei-Dia-ghi-lev."

Akajaribu tena, midomo ikitembea. Safari hii kidole kikakaa. "Basi bosi alikuwa na jina zuri," akasema, kisha akaniomba nirudishe nyuma.

Nimeisikia pia ile ya mwongozaji Charles Munch na okestra ya Boston, ya mwaka 1955. Ina moto zaidi, mwisho wake unakusukuma ukutani, na anayependa kusukumwa achukue ile. Mimi nabaki na Monteux kwa sababu ya nyayo. Kwa Munch nasikia okestra kubwa. Kwa Monteux nasikia watu wanacheza. Kitu kimoja nisichoshauri ni kununua ile suti ya pili peke yake, yaani kipande kilichokatwa kwenye bale, kupambazuka hadi mwisho, ingawa ndiyo inayopigwa sana kwenye kumbi. Jua linalochomoza bila usiku kutangulia halina kazi.

Kuipata: mpya utaiagiza nje, na usafiri unaweza kuizidi bei diski yenyewe. Chungulia kwanza ndani ya madeki ya mtumba. Wengi hawafungui mlango wa diski kabla ya kuuza. Ukiipata, ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, siyo kwa kuzungusha, na deki uiweke mbali na dirisha la upande wa bahari. Hewa ya chumvi inaichafua lenzi ya deki polepole mpaka deki inaanza kurukaruka na unailaumu diski. Sikiliza baada ya Isha, bodaboda zikipungua.

Kwenye toleo langu bale inafuatiwa na Rapsodie espagnole na Pavane pour une infante défunte, za Ravel na Monteux haohao. Ile Pavane ni ya dakika chache tu, honi, ile ala ya shaba ya kupuliza, inaimba juu ya nyuzi zinazodonolewa, na siku hizi ndiyo ninayoipiga mteja akija kuchukua spika yake. Nyuzi zikisikika moja moja, analipa na kuondoka. Zikisikika kama mfuko wa plastiki, namwambia arudi kesho.