Helmeti yangu ya sumaku na jibu nililopewa dirishani

Nimeitumia helmeti hii ya baiskeli kwa miezi kadhaa, ile inayosifiwa kwamba sumaku zilizopangwa kati ya ganda la nje na kofia ya ndani ndizo zinazopokea kishindo, na kama ningeandika wiki ile ya kwanza ningeimwagia sifa bila kusita. Ukiibonyeza kwa kiganja unahisi ganda linazama taratibu kisha linakusukuma, na kadiri unavyokaza mkono ndivyo linavyozidi kugoma, kwa sababu ncha zinazofanana zimetazamana na nguvu ya kufukuzana huongezeka upesi pengo linapopungua. Kila aliyeingia nyumbani nilimpa aibonyeze.

Siku moja, nikienda polepole kabisa, tawi lililoinamia njia lilinigonga juu kidogo ya sikio. Sikuanguka. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama vijiko viwili vilivyogonganishwa, na tangu hapo helmeti ikawa inakaa upande. Nilipoifungua, nilikuta sumaku mbili zilizokuwa zimetazamana zimeponyokana. Moja ilikuwa imeng'oka kwenye gundi yake, ikapinduka, ikaivamia mwenzake na kunasa. Ilikuwa imepasuka kama kigae, na vipande vyake vyembamba vilikuwa vimesimama kama miiba, kimoja kikiwa kimetoboa sponji inayogusa ngozi yangu.

Kilichoniudhi ni kwamba jambo hili lilijulikana zamani. Hesabu aliyoitoa mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw mwaka 1842 inaonyesha kwamba sumaku za kudumu haziwezi kukituliza kitu mahali pamoja kwa kusukumana peke yake. Daima kutakuwa na upande wa kuponyokea. Kwa hiyo ganda kama hili linahitaji pini imara za kulizuia lisiende kando, na ndani ya helmeti yangu nilikuta vijiti vya plastiki visivyozidi unene wa njiti ya kiberiti, viwili vikiwa vimekatika. Sumaku zenyewe, za neodimi, chuma na boroni, zina nguvu kubwa kwa udogo wake, lakini hupasuka kama kauri, na zikichubuka ngozi ya nikeli hushika kutu. Mtu anayeziweka karibu na fuvu la mtu mwingine hana budi kuyafahamu hayo.

Niliipeleka kwa wauzaji. Kijana aliyekuwa dirishani aliitazama kwa mbali, hakuigusa, akasema, "Mama, hii umeiangusha mwenyewe."

Nikamwambia, "Mwanangu, hata ningeiangusha, si helmeti hii?"

Akajibu huku akiangalia simu yake, "Helmeti ikigonga mara moja inabadilishwa. Nunua nyingine."

Jibu hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kanuni aliyonitajia ni ya kweli kabisa, ila ni kanuni ya helmeti za povu gumu. Povu hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakoila nishati ya kishindo. Likishapondeka kazi yake imekwisha, ndiyo maana hubadilishwa. Mimi niliuziwa sumaku kwa ahadi kwamba hurudi zilivyokuwa baada ya kila pigo. Iweje basi ahadi iwe ya sumaku na kanuni iwe ya povu?

Tena ile ahadi yenyewe, nikiitafakari, inanitia wasiwasi. Kitu kinachorudi kama kilivyokuwa hakijaila nishati, kimeikopa tu kama springi na kuirudisha, na anayerudishiwa ni kichwa changu. Ingekuwepo bamba la shaba au la aluminiamu la kupitishia sumaku hizo, mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya bamba ingeupunguza mwendo na kuigeuza nishati kuwa joto, kama sumaku inavyoshuka kwa kusitasita ndani ya bomba la shaba. Nililitafuta bamba hilo. Halimo.

Nikiri kwamba wazo la msingi si la kipuuzi. Mwaka 2014 Raymond Colello, mwanasayansi wa neva wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth nchini Marekani, alieleza jinsi sumaku ndani ya helmeti za wachezaji wawili wa futiboli ya Kimarekani zinavyoweza kusukumana na kupunguza kasi kabla vichwa havijagongana. Lakini pale kila kichwa kina sumaku yake. Tawi halina sumaku, wala lami haina.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa upole, niseme kwamba kwa mwendo mdogo helmeti hii inafaa, kwani sikuumia hata kidogo. Kisha nikaitoa ile kofia ya ndani ili nipige picha, na chini ya sumaku nikakuta tabaka jembamba la povu gumu. Mahali palipogongwa palikuwa na kibonde cha mviringo, na ile sumaku nzima iliyobaki iliingia humo barabara. Kumbe kilichonilinda ni lile povu, na sumaku ndiyo iliyolichimba. Helmeti za baiskeli barani Ulaya hupimwa kwa kuangushwa na kichwa bandia ndani yake kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde, na mimi niligongwa na tawi katika mwendo wa kutembea. Basi nafuta upole wangu: usiinunue, hata kama unaendesha polepole, hata kama kuibonyeza kunafurahisha.

Sasa navaa helmeti ya povu tupu. Wauzaji nimewaandikia mara mbili, nikaambatanisha picha ya kile kibonde, nikiomba jambo moja tu: waandike kwenye boksi kwamba ikigonga mara moja ibadilishwe, kama alivyoniambia kijana wao. Bado sijajibiwa.