Mkondo wa amali shuleni kwa binti yangu: nyota tatu

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo nilipokwenda kuiona karakana ya mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika shule anayosoma binti yangu sikuhangaika na rangi ya kuta. Kila mwanafunzi ana ubao wake wa kufungia swichi, soketi na sakiti breka, na hakuna anayeruhusiwa kuwasha kabla hajapima waya wa ardhi na kupiga mega, yaani kupima kama mpira wa waya hauvujishi umeme. Mwalimu ni fundi kweli. Ukiacha skrubu imelegea, unafungua yote unaanza upya. Karakana peke yake ningeipa nyota tano.

Shida ni ratiba. Tuliambiwa watoto watasoma masomo ya jumla na ufundi kwa pamoja, ila nilichokiona ni shule mbili ndani ya uzio mmoja. Karakanani walifundishwa kwamba hita ya wati 3000 ifungwe kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Nikamuuliza binti kwa nini. "Mwalimu kasema." Kumbe jibu liko kwenye fizikia: gawa 3000 kwa volti 230, unapata kama ampea 13, ndiyo umeme utakaopita kwenye waya, halafu unatazama urefu wa waya na unapita wapi, maana uliofukiwa ukutani hupoa kwa shida. Mada hiyo ilifika darasani muhula uliofuata, kwa chaki tupu, wakati soketi zimejaa jengo la pili. Walimu hao wawili hawajawahi kupanga somo pamoja, na inaonekana.

Kilichoniudhi zaidi ni upangaji wa wanafunzi. Wenye alama ndogo wanasukumwa kwenye ufundi. Binti yangu, mwenye alama nzuri, alipouomba mwenyewe waliniita kuniuliza kama nyumbani kuna tatizo! Na ukishaingia huko, hisabati ya ziada inagongana na vipindi vya karakana. Nikauliza, akitaka uhandisi baadaye? Nikajibiwa mkondo huu ni wa kujiajiri. Uswisi wana cheti tangu 1994 kinachomwezesha mwanagenzi kuendelea hadi vyuo vikuu vya sayansi tumizi, kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani.

Sijamhamisha, maana mikono yake imeanza kuwa ya fundi. Hisabati anasoma jioni kwa mwalimu wa pembeni. Ukienda kuandikisha, achana na kipeperushi. Omba ratiba ya mkondo mzima uone fizikia na hisabati zimewekwa saa ngapi.