Packet Tracer na somo la njia tuli: tathmini ya mwalimu wa mitandao

Anayeanza kusomea mitandao ya kompyuta hukutana mapema na somo la njia tuli, yaani njia ambazo msimamizi huziandika kwa mkono ndani ya ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, badala ya kuziachia ruta zipashane habari zenyewe. Ubaoni somo hili huonekana jepesi, kwa kuwa amri yenyewe ni mstari mmoja, lakini wengi hukwama wanapofika kwenye vitendo, kwa sababu hawaoni ruta inaamua nini pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inapoifikia. Packet Tracer, programu ya Cisco inayoigiza ruta, swichi (vifaa vinavyounganisha kompyuta za mtandao mmoja) na kompyuta kwenye skrini, ndiyo ninayoitumia kulifundisha, na tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu.

Programu hutolewa bure kupitia Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 1997, na ipo kwa Windows, macOS na Ubuntu. Sharti lake ni kufungua akaunti na kuingia nayo, jambo linalomtaka mwanafunzi awe na intaneti walau wakati wa kuanza. Kompyuta ya kawaida ya maabara ya chuo inaimudu bila shida.

Zoezi langu la msingi lina ruta tatu zilizopangwa mstari, ambazo nimezipa majina ya Tanga, Dodoma na Mwanza. Tanga ina mtandao wake wa ndani, 192.168.10.0/24 (namba ya baada ya mkwaju hueleza ukubwa wa mtandao), na Mwanza ina wake, 192.168.30.0/24. Kiungo cha Tanga na Dodoma ni 10.0.12.0/30, na kile cha Dodoma na Mwanza ni 10.0.23.0/30. Mwanafunzi akishagawa anuani na kuwasha milango, yaani sehemu za ruta zinapochomekwa nyaya, kwa amri ya `no shutdown`, pembetatu nyekundu kwenye nyaya hugeuka kijani, naye huamini kwamba kazi imekwisha. Akijaribu `ping`, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inafikika, kutoka kompyuta ya Tanga kwenda ya Mwanza, anajibiwa na ruta yake mwenyewe: `Destination host unreachable`. Amri ya `show ip route` inaeleza kwa nini, kwani jedwali la njia la Tanga lina mistari ya C na L pekee, ambayo ni mitandao inayoigusa moja kwa moja na anuani za milango yake. Mtandao wa 192.168.30.0 haumo, na ruta haibahatishi. Pakiti isiyo na njia hutupwa.

Basi anaandika kwenye ruta ya Tanga `ip route 192.168.30.0 255.255.255.0 10.0.12.2` (255.255.255.0 ni ile /24, na 10.0.12.2 ni anuani ya Dodoma kwenye kiungo chao), na jedwali linapata mstari unaoanza na S, wenye alama [1/0]. Ile 1 ni kiwango cha kuaminika kwa njia, ambapo namba ndogo ndiyo inayoshinda: mtandao uliounganishwa moja kwa moja una 0, njia tuli 1, na njia iliyoletwa na OSPF, itifaki ya ruta kupashana habari za njia zenyewe, 110. Dodoma nayo inaandikiwa njia yake ya kwenda Mwanza kupitia 10.0.23.2. Anarudia `ping`, na safari hii skrini inasema `Request timed out`, mara zote nne.

Hapa ndipo programu hii inapostahili sifa zake zote. Ina hali ya uigizaji ambayo husimamisha muda na kuionyesha kila pakiti kama bahasha ndogo inayosogea hatua moja kila unapobonyeza. Mwanafunzi anaiona bahasha ikitoka Tanga, ikipita Dodoma, ikifika salama kwenye kompyuta ya Mwanza. Kisha anaona jibu likitoka kwenye kompyuta hiyo, likiingia kwenye ruta ya Mwanza, na kupigwa alama nyekundu ya X papo hapo. Ruta ya Mwanza haijaambiwa mtandao wa 192.168.10.0 uko wapi. Taarifa ya kutupwa kwa pakiti hurudishwa kwa aliyeituma, naye ni kompyuta ya Mwanza, ndiyo maana mtu wa Tanga haambiwi lolote na anabaki kusubiri. Kwenye vifaa halisi, mwanagenzi angeshinda akichokonoa ruta ya Tanga, wakati hitilafu iko upande wa pili wa mtandao. Sijapata kifaa kingine cha kufundishia kinachoonyesha wazi namna hii kwamba kila ruta huamua peke yake, kwa jedwali lake yenyewe, na kwamba njia ya kwenda haileti njia ya kurudi.

Bahasha yenyewe inafunguka, na ningemshauri kila mwalimu asiharakishe hapo. Ukilinganisha pakiti inapoingia ruta na inapotoka, unaona anuani za IP za mtumaji na mpokeaji hazijaguswa, huku anuani za MAC, yaani zile za vifaa vyenyewe, zimebadilishwa zote mbili, kwa kuwa hizo ni za hatua moja tu. Namba ya TTL, inayohesabu hatua ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita, nayo imepungua kwa moja. Njia zote zikishakamilika, jibu linafika Tanga likiwa na TTL=125, yaani 128 kutoa ruta tatu, na mwanafunzi aliyeifuatilia bahasha hahitaji kuelezwa namba hiyo imetoka wapi. Hata majibu ya mwanzo yanayokosekana kwenye `ping` ya kwanza yanaeleweka, kwani unaiona ruta ikiiacha pakiti huku ikiuliza kwa ARP anuani ya MAC ya jirani yake.

Njia chaguo-msingi, ile ya `0.0.0.0 0.0.0.0`, inafundishika vizuri vilevile. Tanga na Mwanza ziko pembeni, hivyo mstari mmoja wa namna hiyo unazitosha. Lakini mwanafunzi akiielekeza Dodoma nayo kwa Tanga, kisha akatuma pakiti kwa mtandao usiokuwepo, bahasha inapigwa danadana baina ya ruta hizo mbili mpaka TTL iishe. Njia ya akiba, inayopewa kiwango kikubwa zaidi, tuseme 5, inajitokeza kwenye jedwali mara tu kiungo kikuu kinapokatwa. Na ukiweka swichi katikati ya ruta mbili, kisha ukazima ruta ya mbali, njia ya akiba haijitokezi, kwa sababu waya wa kwenda kwenye swichi bado ni mzima na njia ya kwanza inabaki kwenye jedwali ikimeza pakiti. Udhaifu huu ni wa njia tuli yenyewe, nami naona ni heri mtu akutane nao darasani kuliko ofisini usiku.

Mapungufu ya programu yapo. Huu ni uigizaji, si IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco) kamili, na amri kadhaa za vifaa halisi hazimo au zimepunguzwa. Anayezihitaji atahamia GNS3, ambayo huendesha mfumo halisi wa ruta lakini hudai kompyuta yenye nguvu na faili za mfumo zenye leseni. Packet Tracer haifai kupimia kasi, kwa hiyo asiitumie mtu kuamua anunue ruta gani. Linalonipa wasiwasi zaidi ni uzuri wake wenyewe, kwa maana mwanafunzi aliyezoea alama nyekundu ya X hujikuta hana pa kuanzia mbele ya ruta halisi, isiyochora bahasha yoyote.

Kwa ajili hiyo naitumia hali ya uigizaji wakati wa kufundisha tu. Mtihani wa vitendo hufanyika katika hali ya muda halisi, kwa faili yenye ruta moja iliyonyimwa njia ya kurudi, na mtahiniwa huruhusiwa `ping`, `tracert` (inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapitia) na `show ip route` kuitafuta, kisha mstari mmoja wa `ip route` kuirekebisha.