Merlin: programu inayomtaja ndege kabla hujamwona

Nimeitumia programu ya Merlin kwa majira mawili ya kuchipua, karibu kila alfajiri, nikiwa nimeketi kando ya kidimbwi cha bustani yetu mjini Leicester, Uingereza, na naipendekeza kwa moyo mweupe kwa yeyote anayependa ndege lakini hajui majina yao.

Programu hii ni ya bure na imetengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo mwaka 2021 iliongeza uwezo wa kutambua sauti. Simu husikiliza, hugeuza mlio kuwa mchoro, kisha huulinganisha na milio iliyofunzwa. Jina hutokea kwenye kioo, na kila ndege huyo anapolia tena jina lake huwaka rangi ya manjano. Rangi hiyo ndiyo mwalimu wangu, kwa sababu sikio hupata kuuhusisha mlio na jina papo hapo, gizani, wakati macho hayana msaada wowote.

Katikati ya Aprili hutoka nje saa kumi na moja, nikazima pampu ya kidimbwi ili maji yasifunike sauti, nikaiweka simu juu ya jiwe. Wa kwanza huwa robini na mkesha mweusi, jamaa wa yule mkesha wa bustani za Nairobi. Siku moja mlio mkali ulipasuka kutoka kwenye ua wa miti, nikaamini ni wa ndege mkubwa. Merlin ikasema ni reni. Kulipopambazuka nilimwona: kindege cha kahawia cha gramu 10 hivi, mkia umesimama wima, mwili mzima ukitetemeka kwa nguvu ya wimbo wake.

Merlin haihesabu: mikesha watano wakiimba, utaona jina moja tu. Vilevile, kwa kuwa kwezi ni hodari wa kuiga milio ya wenzake, ni busara kuthibitisha kwa macho kabla ya kuandika daftarini. Pakua kifurushi cha ndege wa eneo lako mapema, kwani baada ya hapo hutahitaji intaneti.

Viumbe wa majini hawamo katika kazi yake. Viluwiluwi waliojazana pembeni kama mbegu nyeusi, na nyuti, mnyama mwenye umbo la mjusi aliye wa jamaa ya vyura, itabidi uwatazame mwenyewe. Mwezi Mei nilimwona nyuti jike akilishika jani la mmea wa majini kwa miguu ya nyuma, akataga yai moja, akalikunja jani juu yake na kulibana hadi likashikamana, kisha akahamia jani jingine, huku jina la robini likiendelea kuwaka manjano pale juu ya jiwe.