TAHADHARI: Nozeli "mpya" za dizeli Gerezani, zako nzima zinabaki dukani

Wakuu, hii ni kwa wenye Hiace, Hilux na Prado za dizeli, hasa injini za Toyota za 1KD na 2KD. Kuna mchezo unachezwa kati ya mafundi wa mtaani na duka moja la nozeli (vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini) maeneo ya Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, na umemkuta shemeji yangu. Jina la duka siliweki hapa, ila mchezo wenyewe naueleza wote.

Hiace yake ilianza kusumbua asubuhi. Unapiga starta mpaka betri inalegea, ikishika inatetemeka, inamisi na kutoa moshi mweupe, halafu ikipata moto inatulia kama haikuwa na neno. Fundi akasikiliza mlio tu, filta hakuigusa: "Bosi, nozeli zote nne zimekufa." Akampeleka dukani mwenyewe, na bila shaka cha juu chake kilikuwa kinamsubiri huko. Shemeji akapewa nne kwenye maboksi yenye jina la Denso, watengenezaji wa nozeli hizi, zinang'aa, kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Za zamani muuzaji akabaki nazo, eti chuma chakavu.

Gari ikazidi kuugua. Sasa ikawa inagonga hata ikiwa na moto, na moshi umegeuka mweusi. Tukaipeleka kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia, akazichomoa na kuziweka mezani. Kodi iliyochapwa juu ilikuwa moja, ileile, kwenye nozeli zote nne! Nozeli halisi za aina hii hupimwa kiwandani moja moja, kila moja inapewa kodi yake, na kodi hiyo ndiyo fundi anaiingiza kwenye kompyuta ya gari ili ijue kupunguza au kuongeza dizeli kwa silinda husika. Zikifanana zote, kuna mtu kazichapisha. Ukitazama nati zake unaona na makovu ya spana chini ya rangi mpya. Mbili zilikuwa zinachuruzisha dizeli, na nozeli ya hivyo ukiendelea kuitembelea inaweza kukutobolea pistoni.

Na ugonjwa wa mwanzo? Hewa. Ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli ilikuwa inavuta hewa kwenye mpira, usiku dizeli inarudi kwenye tangi, asubuhi starta inazungusha injini isiyo na mafuta. Kubadilisha pampu hiyo ni kazi ndogo kabisa. Kilichouma ni kwamba nozeli bado zilihitajika, maana za zamani alipozifuata aliambiwa zimeshauzwa. Chuma chakavu gani hicho kinachogombaniwa?

Kwa hiyo gari ikianza kugoma asubuhi, kabla hujakubali kupelekwa dukani, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha piga starta. Ikiwaka mara moja, tafuta panapoingia hewa. Isipowaka, kagua filta, maji kwenye dizeli, nguvu ya betri na plagi za hita. Nozeli zikishukiwa, zipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari: inaonyesha kila silinda inarekebishiwa dizeli kiasi gani wakati injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Silinda moja ikipishana sana na wenzake, anzia hapo. Nne kufa kwa pamoja ni nadra, labda kama umewekewa mafuta machafu.

Fundi akitaka kulegeza mabomba ya nozeli huku injini inaunguruma, mzuie. Hiyo ni mbinu ya injini za zamani za pampu ya kawaida. Kwenye hizi presha inaweza kupita bar 1,000, na dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi.

Shemeji alipewa risiti ya mkono iliyoandikwa "spea" basi, na ukutani kuna kile kibao chao, mali ikishauzwa hairudishwi. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Ukiuziwa feki, tunza boksi na nozeli zenyewe, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Na hata ukibadilisha kwa fundi unayemwamini, nozeli zako za zamani ondoka nazo.