Kabla Hujalipia Excel: Programu Ipi Inachora Vizuri Grafu Yenye Siku Zisizo na Takwimu?

Duka likifungwa Jumapili, mauzo ya siku hiyo ni sifuri au hayapo? Na kipimo cha mvua kisiposomwa siku tatu kwa sababu msomaji yuko msibani, ina maana mvua haikunyesha? Programu ya lahajedwali (spreadsheet) haina jibu, lakini mstari itauchora tu. Kwa hiyo unapochagua programu ya kuweka kwenye kompyuta ya ofisi, angalia inakupa uhuru gani seli, yaani chumba kimoja cha jedwali, inapokuwa tupu.

Njia ni tatu: kuacha pengo, kuushusha mstari hadi sifuri, au kuunganisha nukta iliyotangulia na inayofuata. Kwa mvua nachukua pengo bila kusita, maana sifuri ya mvua ni kipimo kamili kinachosema mvua haikunyesha. Kwa bei ya maharage inayorekodiwa kila wiki, kuunganisha hakuna ubaya, kwani bei ilikuwepo sokoni hata kama hakuna aliyeiandika. Sifuri iandike mwenyewe ndani ya seli pale tu unapojua kuwa ni sifuri. Usiiachie programu ikuamulie.

1. LibreOffice Calc. Hii naiweka ya kwanza. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua hutumii bando tena. Bofya grafu mara mbili, bofya mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio yake, na chini ya “Plot missing values” utazikuta njia zote tatu. Kasoro yake ni mafaili ya Excel unayotumiwa na wengine: takwimu huja salama, ila grafu wakati mwingine hubadilika sura, na bosi anayependa rangi zake atalalamika.

2. Microsoft Excel. Nayo ina njia zote tatu, zimejificha ndani ya “Select Data”, kwenye kitufe cha “Hidden and Empty Cells”. Usipogusa chochote, grafu ya mstari huacha pengo, jambo ninalolipenda. Tatizo linaanza na fomula. Watu wengi huandika fomula inayorudisha alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani, ili seli ionekane tupu. Kwa macho ni tupu kweli, lakini kwa Excel hayo ni maandishi, na maandishi kwenye grafu ya mstari huchorwa kama sifuri. Ndiyo maana unaona mauzo yanaporomoka hadi chini halafu yanapanda tena kesho yake. Dawa ni kuifanya fomula irudishe NA(), ambayo kwenye seli huonekana kama #N/A, yaani “thamani haipo”. Matoleo ya zamani yakikuta #N/A huunganisha nukta za pembeni, utake usitake. Matoleo ya Microsoft 365 yamekuwekea kisanduku cha kuamua #N/A ihesabiwe kama seli tupu, na hapo pengo linawezekana.

Kisanduku hicho ndicho sababu mojawapo ya kweli ya kulipia, kama majedwali yako yamejaa fomula. Waweza kulipia Microsoft 365 kwa mwaka au kununua mara moja toleo kama Office 2024. Ile iliyochakachuliwa anayokuwekea fundi wa mtaani usiihesabu kuwa bei nafuu; mara nyingi huja na virusi. Jambo jingine: ukificha safu mlalo, Excel huziondoa nukta zake kwenye grafu hadi uiambie vinginevyo, kwenye kitufe kilekile.

3. Google Sheets. Ni ya bure ukiwa na akaunti ya Google, ila hapa una njia mbili tu: pengo, au kuunganisha kwa kuweka tiki kwenye “Plot null values” katika mipangilio ya mwonekano wa chati. Kukosa sifuri sikuhesabu kama upungufu. Imeangukia nafasi ya tatu kwa sababu inategemea intaneti. Unaweza kuiandaa ifanye kazi nje ya mtandao kwenye Chrome, lakini inabidi ukumbuke mapema. Ila kama watu watano wanajaza jedwali moja kutoka vituo tofauti, ipandishe iwe ya kwanza. Hapo hata hayo mapengo yatapungua, kwani msimamizi anaiona seli tupu siku hiyohiyo na kupiga simu.

4. WPS Office. Ni nyepesi, inafanana sana na Excel, na toleo lake la bure lina matangazo. Kama tayari iko kwenye simu yako, itumie kujazia takwimu shambani au dukani, kisha grafu kaichoree kwenye Calc.